Mtoto wa moyo anapotakiwa kutibiwa meno kwa nusu kaputi: mwongozo kamili kwa mzazi wa Kanda ya Ziwa

Bibi mmoja alitoka Ukerewe na mjukuu wake wa miaka 5, mtoto mwenye tatizo la moyo na meno 6 yaliyooza. Walivuka na meli kutoka Nansio, wakalala kwa ndugu zao Kirumba, jijini Mwanza, na saa 1 asubuhi walikuwa wameshafika wodini. Nikamuuliza, "Bibi, mtoto amekula?" Akajibu bila kusita, "Hajala, mwanangu."

Tulipokuwa tunamvalisha gauni la thieta, mtoto akacheua uji wa ulezi.

"Bibi, si umesema hajala?"

"Hajala. Amekunywa uji tu, tena kidogo."

Bibi yule hakudanganya. Kwa Kiswahili chetu uji hunywewa, hauliwi. Mtoto akarudishwa, na nafasi nyingine akaipata baada ya wiki kadhaa, jipu la ufizi likiwa limeshamvimbisha shavu.

Nimekuwa muuguzi wa watoto huku kandokando ya Ziwa kwa miaka mingi, na wengi ninaowaona wakirudishwa asubuhi ya upasuaji hawakukosa fedha wala daktari. Walielewa neno moja vibaya, au sisi tulilisema vibaya. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa hatua, na penye neno lenye mtego nimelisema wazi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Tafuta bahasha moja ngumu au mfuko wa plastiki unaofungwa. Weka humo:

- Ripoti ya eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), ile karatasi yenye maandishi. Picha peke yake haitoshi.
- Barua ya daktari wa moyo (nimeieleza hatua ya 1).
- Barua ya rufaa, na kadi ya bima pamoja na kibali cha matibabu kama bima yako inakidai.
- Dawa zote za mtoto zikiwa ndani ya chupa na pakiti zake. Usiseme "anatumia kile kidonge cheupe". Vidonge vyeupe ni vingi.
- Kadi ya sindano za penisilini za kila wiki 3 au 4, kama mtoto ana moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi.
- Daftari dogo na kalamu.

Halafu awepo mtu anayeruhusiwa kutia saini fomu ya ridhaa. Bibi, shangazi au dada anaweza kumlea mtoto vizuri kuliko yeyote, lakini kama si mlezi wake kisheria, fomu itamsubiri baba au mama. Kama mama yuko kisiwani na mtandao unakatika, siku inapotea. Ulizeni mapema nani atasaini.

## Hatua ya 1: Pata barua ya daktari wa moyo

Anza hapa, hata kama jino linamliza mtoto usiku kucha. Maumivu yanaweza kutulizwa kwa dawa wakati unasubiri, lakini hakuna daktari wa usingizi atakayemlaza mtoto ambaye hajui moyo wake unafanyaje kazi.

Barua iseme mambo manne: tatizo la moyo kwa jina lake, kama limerekebishwa au bado, dawa anazotumia na kiasi chake, na kama anahitaji antibaiotiki kabla ya kung'olewa meno.

Neno la kuwa nalo makini hapa ni "tundu limeziba". Wazazi hulisema kwa maana mbili tofauti kabisa. Kuna tundu lililojiziba lenyewe mtoto alipokua, na kuna lililozibwa kwa kiraka au kifaa. Aliyezibwa hospitali huhitaji kinga ya antibaiotiki kwa miezi 6 ya mwanzo, na zaidi ya hapo kama pembeni ya kiraka bado panavuja. Ambaye tundu lake dogo lilijiziba kwa kawaida haihitaji. Sema lilizibwaje, wapi na lini.

Mtoto anayesubiri kwenda kufanyiwa upasuaji katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, asingoje tarehe ya safari ndipo aoneshwe kwa daktari wa meno. Meno yaliyooza ni ghala la bakteria, na madaktari wa moyo hutaka yaondoke kwanza, ufizi upone, ndipo kifua kifunguliwe. Wapo watoto waliofika Dar es Salaam wakaambiwa warudi wakatibiwe meno. Nauli ya Mwanza hadi Dar es Salaam mnaijua.

Utajua umefaulu ukiwa na barua yenye mambo yote manne, na eko isiyo ya zamani. Mtoto hukua, na moyo wake hubadilika. Eko ya miaka 2 iliyopita haitoshi.

## Hatua ya 2: Nenda hospitali inayofaa

Kumng'oa mtoto wa moyo jino moja linalolegea, kwa ganzi tu, kunaweza kufanyika hata hospitali ndogo daktari wa moyo akikubali. Nusu kaputi ni jambo lingine. Inataka daktari wa usingizi aliyezoea watoto, daktari wa kinywa na meno, daktari wa moyo anayeweza kupigiwa simu akafika, na chumba cha uangalizi maalumu chenye kitanda.

Kwa Kanda ya Ziwa, ngazi ya rufaa huanzia zahanati na kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, ya mkoa kama Sekou Toure, halafu Hospitali ya Kanda ya Bugando. Ukiwa ngazi yoyote uliza swali hili kama lilivyo: "Mwanangu ana tatizo la moyo. Akipata shida akiwa usingizini, nani atamwona na atalazwa wapi?" Wakikujibu kwa kuonesha chumba na kutaja daktari wa zamu, uko mahali pazuri. Wakikuambia "usiwe na wasiwasi", omba rufaa.

## Hatua ya 3: Kubalianeni meno yapi yatatoka

Hapa ndipo penye machozi mengi baada ya upasuaji. Mama anapokea mtoto, anafungua mdomo, anakuta mapengo 8. "Mlisema mnaziba!"

Sababu yake ni hii. Nusu kaputi kwa moyo wenye shida ina hatari yake, kwa hiyo kila kitu kinafanyika mara moja ili asirudishwe usingizini baada ya miezi 6. Jino la utoto ambalo uozo umefika kwenye kiini linaweza kuoshwa ndani na kuzibwa kwa mtoto mwingine. Kwa mtoto ambaye moyo wake ni rahisi kushambuliwa na bakteria, daktari huona ni salama zaidi kuling'oa, maana kiini kilichotibiwa kikishindwa hubaki kikipeleka wadudu kwenye damu kimyakimya. Meno ya nyuma yenye uozo usiofika ndani huweza kuvishwa kofia za chuma. Hazipendezi kwa macho ya wengine, lakini hudumu hadi jino litoke lenyewe.

Mwombe daktari achore kwenye daftari lako: haya yanatoka, haya yanazibwa, haya yatategemea tutakachokiona. Meno ya mbele ya utoto hubadilishwa kuanzia miaka 6 hivi, ya nyuma huendelea hadi karibu miaka 12. Mapengo ya mbele kwa mtoto wa miaka 5 yatajaa. Valvu (mlango wa damu ndani ya moyo) iliyoliwa na bakteria haioti upya.

Kama tarehe iko mbali, uliza kama uozo unaweza kupakwa dawa ya madini ya fedha na floraidi inayousimamisha. Huacha weusi kwenye jino, lakini haichomi sindano wala haihitaji usingizi, na inanunua muda.

> Onyo: Mtoto mchanga mwenye homa na kuhara asipelekwe kwa mtu wa kung'oa "meno ya plastiki". Kinachochimbwa pale ni vichipukizi vya meno yake halali, kwa chuma kisicho safi. Kwa mtoto wa moyo ni kama kumfungulia bakteria mlango wa damu.

## Hatua ya 4: Vipimo vya damu

Picha kamili ya damu, kundi la damu, na kipimo cha kuganda kwa damu kwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Ongeza kipimo cha selimundu, hata kama hakuna aliyekitaja. Ukanda wetu wa Ziwa una selimundu nyingi kuliko sehemu nyingi za nchi, na mtoto mwenye selimundu pamoja na tatizo la moyo huandaliwa kwa namna tofauti: maji zaidi, joto zaidi, oksijeni ikiangaliwa kwa karibu.

Usimwachishe mtoto warfarini au aspirini kwa uamuzi wako ukiogopa damu isikatike. Damu ya ufizi huzuilika kwa kubana na kushona. Damu iliyoganda kwenye valvu ya bandia haizuiliki kirahisi.

## Hatua ya 5: Wiki mbili za mwisho

Mswaki mara 2 kwa siku, kwa dawa ya meno yenye floraidi, hata kama ufizi unatoa damu. Chini ya miaka 3 weka kiasi cha punje ya mchele, kuanzia miaka 3 kiasi cha punje ya njegere. Wazazi wengi huacha mswaki kwa sababu "anaumia". Ufizi mchafu ndio unaotoa damu, na kila anapotafuna bakteria huingia humo. Piga mswaki taratibu, wewe mwenyewe, mtoto akiwa ameegemeza kichwa mapajani pako.

Dawa za maji za moyo nyingi zina sukari. Baada ya kila dozi, hasa ya usiku, mpe maji asukutue.

Mafua na kikohozi ni sababu nyingine kubwa ya kurudishwa, mbali na chakula. Njia ya hewa iliyovimba hujifunga kirahisi mtoto akiwa usingizini, na moyo wake hauna akiba ya kuvumilia oksijeni ikishuka. Mtoto akianza kukohoa au kupata homa, piga simu kabla hujapanda meli au basi. Usimfiche kwa dawa ya kikohozi ili asirudishwe. Nakuomba sana hili. Utasogezewa tarehe, na gharama yake itakuwa simu moja.

## Hatua ya 6: Usiku wa mwisho

Soma hatua hii mara mbili, na msomee yeyote atakayelala na mtoto.

Tumbo likiwa na kitu, mtoto aliyelala kwa dawa anaweza kucheua na kilichocheuliwa kikaingia mapafuni. Ndiyo maana tunafunga mlango wa kula. Lakini neno "asile" halitoshi, kwa hiyo liweke hivi: kitu chochote kisicho maji matupu ni chakula. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Maziwa ya ng'ombe na ya kopo ni chakula. Juisi ya embe ni chakula. Supu ya sato, hata ukichuja, ni chakula. Kipande cha muwa ni chakula. Pipi na bigijii navyo haviruhusiwi.

Mtego wa pili ni saa. Karatasi ya hospitali huweza kuandikwa "mwisho wa chakula 2:00". Aliyeiandika anamaanisha saa 8 usiku kwa hesabu yetu. Mama anasoma saa 2 asubuhi, anaamka, anakoroga uji. Au imeandikwa "maji mwisho 6:00", ambayo ni saa 12 asubuhi, yeye anasoma saa 6 usiku na mtoto anakauka bure. Ukikabidhiwa karatasi, usiondoke dirishani kabla hujauliza: "Ni saa ngapi kwa Kiswahili, usiku au alfajiri?" Andika jibu kwa maneno yako.

Kwa mtoto anayeingia thieta saa 2 asubuhi, hesabu ya kawaida ni hii:

- Saa 2 usiku: chakula kizito, hasa chenye mafuta, kiwe kimekwisha.
- Saa 8 usiku: mwisho wa chakula chepesi, uji na maziwa yasiyo ya mama. Yaani muda wa saa 6 kabla ya thieta.
- Saa 10 alfajiri: mwisho wa ziwa la mama. Yaani muda wa saa 4 kabla.
- Saa 12 asubuhi: mwisho wa maji matupu. Yaani muda wa saa 2 kabla.

Hospitali ikikupa saa zake, fuata zake.

Sasa upande wa pili, ambao husahaulika. Mtoto ambaye midomo na kucha hubadilika kuwa za bluu ana damu nzito. Mwili wake umeongeza chembe nyekundu ili kubeba oksijeni ndogo inayopatikana. Akikaushwa, damu inazidi kuwa nzito na inaweza kuganda ndani ya mishipa, hata ya ubongo. Kwa huyu, maji ya saa 12 asubuhi si hiari. Mwamshe, mpe. Na kama zamu yake inasogezwa mbele, usikae kimya kwenye benchi kwa heshima. Mwambie muuguzi: "Mwanangu ni wa bluu, ana saa kadhaa bila maji, naomba awekewe dripu." Hakuna muuguzi mwenye akili timamu atakayekasirika.

## Hatua ya 7: Asubuhi yenyewe

Dawa za moyo. Mama anaambiwa "asiingize kitu mdomoni" na anaacha dawa zote. Propranololi ikiachwa ghafla, moyo unaweza kwenda mbio. Kwa upande mwingine, kaptoprili (ya kushusha presha) na Lasix (ya kukojoza) daktari wa usingizi anaweza kutaka zirukwe asubuhi ile, kwa sababu huweza kushusha presha mtoto akiwa usingizini. Siku moja kabla pitia kila chupa na daktari, moja moja, uandike: hii apewe kwa funda la maji, hii asipewe.

Antibaiotiki ya kinga. Kwa wanaoihitaji, kawaida ni amoksilini miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, isiyozidi gramu 2, dozi moja, dakika 30 hadi 60 kabla ya kazi kuanza. Au hupewa dawa ya jamii hiyo kwenye mshipa pale thieta. Kazi yako ni kuuliza imetolewa, si kuitoa mwenyewe. Wapo wanaonunua amoksilini duka la dawa na kumpa mtoto siku 5 kabla "ili aingie akiwa safi". Hapo unafundisha bakteria wa mdomoni kuizoea, na siku ya kazi dawa haina nguvu. Kama mtoto yuko kwenye sindano za penisilini za kila mwezi, au aliwahi kuvimba au kutoka vipele kwa penisilini, sema kwa sauti. Atachaguliwa dawa ya jamii nyingine.

Mwili. Toa hereni, shanga na rangi ya kucha. Hina kwenye vidole vya mkono ipakwe wakati mwingine, kwa sababu kifaa cha kupima oksijeni hubanwa kwenye kidole na hutaka kuona damu kupitia ngozi na kucha. Hirizi ya kiunoni ifungueni nyumbani, kwa mikono yenu na kwa heshima yenu, isije ikakatwa na mtu msiyemjua. Taja kila jino linalolegea, kwa sababu linaweza kudondoka na kuingia kwenye njia ya hewa.

Uzito upimwe upya siku hiyo, maana kila dawa ya usingizi hukokotolewa kwa kilo.

> Onyo: Mtoto wa bluu akilia sana anaweza kubadilika ghafla, akawa wa bluu zaidi, akihema haraka na kulegea. Mkunje magoti yafike kifuani, mtulize, na uite msaada papo hapo. Ndiyo sababu watoto hawa huchuchumaa wenyewe wakichoka kucheza. Mpe kanga yako aishike, omba umsindikize hadi mlangoni. Mtoto anayelia kidogo anaingia usingizini akiwa na oksijeni zaidi.

## Hatua ya 8: Akitoka thieta

Atalia, atachanganyikiwa, anaweza kutapika mara moja. Mate ya rangi ya waridi ni kawaida kwa siku ya kwanza. Damu nyekundu inayojaa mdomo si kawaida. Kunja kitambaa safi cha hospitali, kiweke juu ya pengo, abane kwa dakika 15 bila kuchungulia, na mwite muuguzi.

Watoto wengi wasio na tatizo la moyo huruhusiwa siku hiyohiyo. Wako anaweza kulazwa usiku mmoja au zaidi. Usidai kuruhusiwa kwa sababu meli inaondoka.

Amefaulu akiwa anakunywa bila kutapika, amekojoa, na kipimo chake cha oksijeni kimerudi kilipokuwa *kwa kawaida yake*. Mtoto wa bluu hawezi kufika asilimia 99. Ndiyo maana uandike kwenye daftari namba yake ya kabla.

## Hatua ya 9: Nyumbani

Siku 2 za kwanza: uji uliopoa, mtori, ndizi zilizopondwa, samaki aliyechambuliwa miiba. Asinyonye kwa mrija wala kusukutua kwa nguvu, damu iliyoziba pengo isije ikang'oka. Kama alipigwa ganzi pia, mwangalie asitafune mdomo wake. Huamka na midomo iliyochanika, mzazi akadhani ni kazi ya daktari. Mswaki uendelee usiku uleule kwenye meno yaliyobaki.

Kwa maumivu mpe parasetamoli miligramu 15 kwa kilo, kila baada ya saa 6, isiyozidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 12 atahitaji miligramu 180. Kwa dawa ya maji ya miligramu 120 kwa mililita 5, hiyo ni mililita 7.5, ipimwe kwa sirinji na si kwa kijiko cha chai. Usimpe ibuprofeni wala diklofenaki bila kuuliza. Hubana figo, huzuia maji kutoka mwilini, na pamoja na warfarini huweza kusababisha kutokwa na damu.

## Homa inayokuja baadaye

Mapengo yameshafunga, mtoto anacheza, umeshasahau. Wiki ya pili au ya tatu, wakati mwingine hata baadaye zaidi, anapata homa isiyoisha, anapoteza hamu ya kula, anatoka jasho usiku, anachoka kupanda ngazi alizozizoea. Kwetu huku, homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Unampeleka, kipimo kinasema hana malaria, anapewa antibaiotiki "kwa tahadhari", homa inashuka siku 4, inarudi.

Inaweza kuwa maambukizi kwenye kuta na valvu za moyo. Antibaiotiki ya nusunusu huyaficha bila kuyaua, na huharibu kipimo cha kuotesha damu, ambacho kingeyatambua.

Kwa hiyo, kwa homa yoyote ya zaidi ya siku 2 kwa mtoto huyu, beba ile bahasha na umwambie anayempima maneno haya: "Mtoto huyu ana ugonjwa wa moyo. Aling'olewa meno tarehe fulani. Naomba achukuliwe damu ya kuotesha kabla hajapewa antibaiotiki yoyote." Kama hapo hawaoteshi damu, omba rufaa siku hiyohiyo, kabla ya dozi ya kwanza. Lakini akiwa amelegea, anahema kwa shida au hafunguki macho, dawa isisubiri kipimo: apewe matibabu na kukimbizwa pale penye daktari wa moyo.